Kanda ya Mama na Viini Vinane

Katika karakana yetu ya kusafisha sauti za kale kuna kanuni moja: mashine mpya hukaa mwaka mzima ikifanyiwa majaribio, ndipo ikabidhiwe kanda ya mtu. Kanuni hiyo niliitunga mimi.

Dada yangu aliiweka kanda ya marehemu mama mezani, kando ya kompyuta mpya yenye prosesa ya viini vinane, kama bongo nane zinazofanya kazi kwa wakati mmoja.

“Ile ya zamani itaisafisha kwa muda gani?”

“Siku tisa.”

“Na hii?”

“Saa moja. Lakini programu yangu iliandikiwa kiini kimoja, dada. Sijui vinane vitagawana vipi kazi.”

“Subira yavuta heri, mdogo wangu, ila baba hana tena pumzi za kuvutia. Anataka kumsikia mkewe, basi.”

Niliinakili kanda, nikaianzisha mashine ya zamani; kisha, kwa aibu ya mtu anayevunja sheria yake mwenyewe, nikaianzisha na mpya.

Asubuhi hiyohiyo tulikuwa kando ya kitanda cha baba. Sauti ya mama ilitoka safi mno, kana kwamba yu nyuma ya mlango. Lakini kila kiini kilichomaliza kipande chake kilikuwa kimekitanguliza bila kungoja wenzake. Mama aliaga kabla ya kusalimu. Alicheka, ndipo sisi watoto tukasema kilichomchekesha.

“Umemchanganya mama kama karata,” dada alininong’oneza.

Baba alifumbua macho. “Mama watoto,” alisema, akivuta pumzi kila baada ya neno, “nije sasa, au ningoje kidogo?”

Kipande kingine kikaanza.

“Njoo tu,” mama akasema. “Mlango uko wazi.”

Baba alitabasamu. Hakuuliza kitu tena. Kufika adhuhuri alikuwa ametutoka.

Nilijiambia kuwa jibu la swali la miaka thelathini iliyopita lilikuwa limeangukia hapo kwa bahati. Siku ya tisa mashine ya zamani ikamaliza, nami nikaketi na dada kumsaka muulizaji. Kila kitu kilikuwa mahali pake: salamu, utani, kicheko, kwaheri. Ila kabla ya “Njoo tu” hapakuwa na swali. Palikuwa na kimya, na mama akipumua karibu na kinasa sauti, kama mtu anayesikiliza.

Dada alilirudia swali la baba, kwa pumzi zilezile, juu ya kimya kile. Lilienea, halikupungua wala kuzidi.

Mashine mpya nimeirudisha kwenye sanduku lake. Bado sijui kama ilikosea.