Kagua Benchi, Usikague Chungu

Nimepika katika shule moja kwa miaka ishirini na sita, na sahani zilizowahi kurudi kwangu na chakula nazihesabu kwa vidole. Sisemi hivi kwa majivuno. Haya basi, nasema kwa majivuno. Watoto mia nne kila mchana, na wengine hulamba sahani mpaka mwosha vyombo anaulizwa kama kweli ana kazi. Kwa hiyo nikikwambia kwamba aliyenitoa jasho ni paka wa kilo tatu, utaelewa kwa nini wiki ile sikuwa mtu wa kusalimiwa.

Paka huyo ni wa mama yangu. Ni mweusi tii, ndiyo maana akaitwa Masizi. Mama alikuwa akiishi naye, wawili tu, mpaka siku aliyoteleza bafuni akakaa sakafuni nusu siku akisubiri mtu apite. Nilimwambia hakuna mjadala, anahamia kwangu. Mama hajawahi kukubali jambo bila mjadala. Tulivutana wee, mwisho akatoa sharti: atakaa wiki moja, yeye na paka wake, na Jumamosi ataamua.

Jumapili Masizi alinusa bakuli, akalamba mara mbili, akaondoka. Jumatatu vivyo hivyo. Jumatatu hiyohiyo mama akasema mezani, "Huyu asipokula, na mimi sikai. Mnyama anajua pa kukaa na pasipokalika." Begi lake la nguo, ambalo hata zipu hajaifungua, akaliburuta mpaka kando ya mlango wa mbele.

Nikakunja mikono ya gauni, nikaingia jikoni. Nilichemsha samaki, akakataa. Nikamchambulia kuku nyuzi nyuzi, akakataa. Maini, yai, chakula cha kopo chenye picha ya paka anayetabasamu. Masizi akaitazama ile picha kama anayemwonea mwenzake huruma. Mume wangu ni fundi saa. Ana maneno machache, na mengi ya hayo ni ya kunichokoza.

"Mpishi mkuu kapata mkaguzi," akasema.

"Nyamaza ule."

"Mimi nakula, mke wangu. Tatizo si mimi."

Kufikia Jumatano sahani ya mama nayo ilikuwa inarudi. Vijiko vitatu, vinne, halafu anaisukuma. "Kizuri, mwanangu. Nimeshiba." Mtu aliyeshiba namjua kwa macho, na mama hakuwa ameshiba. Iliniuma kuliko nilivyoonyesha. Aliyenifundisha kushika upawa ni yeye, leo ananiachia nusu sahani na kunifariji kama mgeni.

Alhamisi asubuhi nikambeba Masizi kwenye kikapu mpaka kwa daktari wa wanyama, maana paka, tofauti na sisi, hawezi kukaa na njaa siku nyingi bila ini lake kuharibika. Daktari akamfungua mdomo, akambonyeza tumbo, akampima joto.

"Meno mazuri. Homa hana," akasema. "Tangu Jumapili umempa vyakula vingapi?"

"Saba."

"Saba! Mama, kila akiamka anakuta kitu kipya. Atazoea kipi? Na kitunguu usimwekee, ni sumu kwake."

"Sijaweka," nikasema, nikashukuru moyoni kwamba hakuniuliza kuhusu Jumanne. Nilikuwa nimekiweka kitunguu, Masizi hakukigusa. Katika hilo alinizidi akili.

"Mpe mpaka kesho asubuhi. Asipokula, mrudishe nimlishe kwa mpira wa kupitishia chakula."

Nikamrudisha nyumbani, nikaenda kazini roho ikiwa mkononi. Mchana sahani ikarudi imejaa. Ya mtoto wa darasa la pili, hajagusa kitu. Mwenzangu wa jikoni, mama mtu mzima kama mimi, akachukua kopo la chumvi akaelekea kwenye chungu.

"Weka chini hiyo chumvi," nikamwambia. "Sahani ikirudi, usikague chungu. Kagua benchi."

Hiyo ni sheria yangu, kila aliyepita jikoni kwangu anaijua. Mtoto asiyekula mara nyingi amekaa karibu na anayemfinya, au jua linampiga machoni. Tukaenda kutazama. Huyu alikuwa mwisho wa benchi, mlangoni, kila anayepita anamgonga bega. Tukamhamishia katikati, akala akamaliza.

Nikabaki nimesimama na upawa mkononi. Mganga hajigangi. Siku tano nilikuwa nakagua chungu.

Kufika nyumbani sikuvua hata viatu. Nikakaa sakafuni jikoni, magoti yakilalamika, uso wangu usawa wa paka. Loo. Bakuli nilikuwa nimeliweka kati ya friji na karai la mchanga anakojisaidia. Nani kati yetu angekula chooni? Tena ni bakuli refu, la kumkwaruza sharubu, na akiinama mlango wa nyuma unakuwa mgongoni. Masizi akaja, akanusa, akainama. Friji ikatetemeka. Akageuka kutazama nyuma, akaenda zake.

Kule kugeuka nikakutambua. Nilikuwa nakuona mezani kila siku. Mama nilimpa kiti cha heshima, kile cha kichwani mwa meza, katikati ya chumba, mgongo kwenye mlango wa mbele. Kijiko, kijiko, anageuka kutazama nyuma. Kwake, miaka arobaini, kiti chake kiliegemea ukuta na mlango ulikuwa mbele ya macho yake. Masizi alikuwa akila chini ya kiti hicho, kwenye sahani ya bati iliyo bapa.

Nikamwita fundi saa. "Shika meza huko."

"Inaenda wapi?"

"Ukutani. Usiniulize."

Saa kumi na mbili jioni mama akakaa, ukuta nyuma yake, mlango mbele. Chini ya kiti nikaweka sahani bapa yenye kuku wa kuchemsha, vuguvugu, bila chumvi wala kitunguu. Masizi akazunguka miguu ya mama. Akanusa. Akatazama mlango. Kisha tukasikia ule mlio mdogo wa kutafuna, na fundi saa akaacha kijiko hewani. Alikula mpaka sahani ikawa inasogea sakafuni kwa kulambwa.

Nilitaka kupiga vigelegele. Nikajizuia, maana kulikuwa na sahani ya pili ya kuangalia. Mama alikuwa anakula. Polepole, bila kugeuka hata mara moja. Akafika mwisho, akafuta mchuzi kwa kidole kama watoto wangu wa shule, akainua uso.

"Kimebaki kingine chunguni?"

"Kipo, mama."

Nikampakulia. Akala tena. Halafu akakunja uso akitazama mlangoni.

"Begi la nani lile limeachwa njiani? Mtu atajikwaa. Hebu lipeleke chumbani kwangu."

Nililibeba mara moja, nikafungua zipu, nikazitundika nguo zake zote kabatini mpaka ya mwisho. Ilikuwa bado Alhamisi.