Uzi wa Pindo la Kanga

Kabla sijamaliza kumfuta mtoto, Benadeta, aliyemsindikiza mzazi, alikuwa ameshachomoa uzi kwenye pindo la kanga yake. Aliuvuta taratibu, akaulowesha kwa mate, akausokota kwa ncha za vidole mpaka ukawa mgumu kama unywele wa mkia wa ng'ombe. Hakuna aliyemwambia kitu. Mimi mwenyewe ndiyo kwanza nilikuwa nimeona: pembeni mwa kila kidole cha mwisho cha mtoto palikuwa na kidole kingine, kidogo, laini, kimeshikiliwa na ngozi tu, na kucha yake ilikuwa nyembamba kama ganda la ulezi.

"Toka kidogo, mwanangu," aliniambia. "Haya ni mambo ya nyumbani."

Mvua ya mchana ilikuwa ikipiga mabati ya zahanati. Renatha, mama wa mtoto, alilala ubavu, macho ameyafumba. Barazani, kwenye benchi la wagonjwa, walikaa wanaume wawili walioloa: Edgar, mumewe, na Yustus, baba yake Edgar. Walikuwa wakimpeleka hospitali, lakini barabara ya Mabira ilikuwa utelezi mtupu na uchungu haukutaka kungoja, ndipo bodaboda zikakata kona na kuwashusha mlangoni kwangu. Nasema kwangu kwa sababu siku ile muuguzi nilikuwa mimi peke yangu.

Sikutoka. Nilikuwa bado nimevaa glovu, na pale ambapo kiwanda kimeweka nafasi ya kidole kimoja, mimi nilikuwa nimebananisha viwili.

Yustus, yule aliyekaa barazani, ni baba yangu.

*

Mama yangu, Laurensia Uwiduhaye, alikuwa binti wa kibarua. Babu Mbonimpa alitoka Burundi akiwa kijana, akalima mashamba ya watu mpaka mgongo wake ukachukua umbo la jembe. Yustus alimwona mama akichuma kahawa kwenye kibanja chao, lile shamba la migomba na mibuni linaloizunguka nyumba hata huwezi kusema nyumba inaishia wapi na shamba linaanzia wapi. Akamwoa. Mama yake Yustus, bibi Kemilembe, hakuipenda ndoa ile. Hakugomba. Alisubiri tu.

Mimi niliwahi kabla ya siku zangu. Nilizaliwa asubuhi, chini ya mibuni, siku ambayo Kemilembe na wanawake wote wa nyumba ile walikuwa wamekwenda msibani Kaisho. Baba ndiye aliyesikia kilio, na ndiye aliyeniokota kwenye majani makavu ya migomba. Katika nyumba ile jambo hilo halikuwahi kutokea. Mtoto huoshwa na wanawake, mlango ukiwa umefungwa. Baba huletewa mtoto akiwa ameviringishwa nguo mpaka kidevuni, siku nyingi huviringishwa hivyo hivyo, naye baba hapekui. Baba yangu alipekua. Jioni mama yake aliporudi, alimwonyesha mikono yangu, akamwuliza vidole vile vimetoka wapi.

"Si vya kwetu," Kemilembe alisema.

Ni hayo tu. Yaliyobaki alimwachia mwanawe ayamalizie mwenyewe kichwani: vibarua waliochuma kahawa msimu ule, mama aliyekuwa mwepesi wa kucheka, vichochoro vya migombani. Kitovu changu hakijakauka, sisi tulikuwa Isingiro kwa babu.

Watoto wa Isingiro waliniita Nyongeza, kama ile konzi ya maharage ambayo muuzaji huitupia juu baada ya kupima. Kwenye michezo ya kushikana mikono, kila duara lilikatikia kwangu. Mganga wa zahanati alimwambia mama kwamba vidole vile vinaweza kukatwa, ni kazi ya muda mfupi. Mama alikataa. Alikuwa na jibu moja, nami nimelisikia mara nyingi, siku nyingine akiwa ameniegemeza magotini na kunikata kucha zote, na zile mbili za ziada akizimalizia mwisho, polepole.

"Nikivikata nitakuwa nimekiri."

Nilikuwa nimeanza tu darasa la kwanza aliponipeleka sokoni Murongo. Malori ya Waganda yalikuwa yamepanga mstari karibu na mpaka, na katikati ya watu alikuja mwanaume anasukuma baiskeli yenye mikungu ya ndizi pande zote mbili. Mama alinisukuma mgongoni, akaniambia nikamwamkie baba yangu. Nikasimama mbele ya gurudumu.

"Shikamoo, baba."

Alinitazama mikono. Usoni hakufika. Kisha akaipindisha baiskeli na kunizunguka kama mtu anavyozunguka dimbwi. Mimi nikabaki pale pale. Nilikuwa nimefundishwa kwamba mtoto akiamkia haondoki mpaka aitikiwe, kwa hiyo nilisubiri, watu wakinipita na magunia yao, mpaka mama akaja kunishika bega. Alininunulia mua. Niliubeba mpaka nyumbani bila kuumenya.

*

Nyumbani tulisema Kirundi, njiani Kinyambo, na kila lugha kati ya hizo ilikuwa na namna yake ya kuniuliza mimi ni wa nani. Kiswahili hakikuniuliza. Nilikiingia shuleni kama mtu anayeingia nyumba isiyo na mwenyeji, nikachagua chumba, nikaweka mkeka wangu. Hata leo, jambo likinichoma, nalichomoa kwa Kiswahili.

Kwa Kiswahili pia nilifundishwa kuhusu mikono yangu, ingawa kitabu hakikuwa cha Kiswahili. Mwalimu Anatory, wa Biolojia, alikuwa na tabia ya kuacha kitabu na kututoa nje. Alitusimamisha kwenye migomba ya shule. Akasema mgomba hauzai, unajirudia. Chipukizi unalong'oa kwa jirani ni mama yake yule yule, isipokuwa umri. Akatuhamishia kwenye mibuni. Huu unazaa, alisema. Chukua mbegu za mbuni mmoja, zipande, hutapata miwili inayolingana, kwa sababu kila mbegu imechukua nusu kwa mama na nusu kwa baba, na kila moja imechukua nusu yake kwa namna yake.

Halafu akataja vidole sita, bila kunitazama, na kwa hilo bado namshukuru. Alisema zamani sana, kwa mtu fulani asiyejulikana, jeni moja ilibadilika kidogo, na badiliko hilo likashuka kwa watoto. Yatosha kulirithi kwa mzazi mmoja. Kuna watu wanalibeba na mikono yao haionyeshi. Na mara moja moja, alisema, badiliko linakuja jipya kabisa, kwa mtoto ambaye wazazi wake hawanalo wote wawili.

Nilirudi darasani nikiwa na njia tatu. Huenda vidole vilitoka kwa Yustus. Huenda vilitoka kwa mtu mwingine, kama walivyosema. Upande wa mama niliufuta, maana kwa Mbonimpa niliwajua wote na mikono yao. Njia ya tatu ndiyo iliyoninyima usingizi: huenda havikutoka kwa yeyote. Huenda mwanzo ni mimi. Fikiria kuwa mwanzo wa kitu ambacho hukukiomba, nyuma yako hakuna mtu.

Tangu hapo, kila nilipokwenda Murongo nilimtafuta Yustus kwa macho, nikamfuata kwa mbali, nikiitazama mikono yake. Kila mara ilikuwa imeushika usukani wa baiskeli.

Mama alifariki nikiwa mwaka wa mwisho wa diploma ya uuguzi. Nilifika wamekwisha kumwosha. Alizikwa Isingiro kwenye udongo wa babu, maana mwanamke aliyeondoka na jina lile baya hakuwa na kibanja kingine cha kumpokea. Nilichobaki nikikitaka baada ya hapo hakikuwa shamba wala ukoo. Nilitaka mtu mmoja wa nyumba ile atamke, kwa sauti, kwamba mama hakukosa.

*

"Unafunga nini, shangazi?"

Sikuwa nimepanga kumwita hivyo. Tulijuana kwa macho. Tangu nihamishiwe Mabira, Benadeta, dada mkubwa wa baba yangu, alikuwa akinipita mlangoni mwa kanisa kama mtu anavyopita ubavuni mwa mbwa ambaye haijulikani kama amefungwa. Neno lile lilimshika mkono. Uzi ukabaki ukining'inia.

"Tunafunga hivi vidole," alisema, kwa sauti ya mtu anayeeleza jambo dogo la jikoni. "Vinakauka, vinadondoka. Ndivyo alivyofungwa baba yake. Ndivyo alivyofungwa babu..."

Akaishia hapo.

Nilivua glovu, moja, kisha ya pili. Sikumnyooshea mikono. Niliiweka mezani karibu na mtoto, maana ndipo palipokuwa na nafasi.

"Na mimi?"

"Wewe baba yako alikuona kabla yetu."

Nilikuwa nimezunguka njia zangu tatu miaka yote ile, na jibu lilikuwa limekaa ndani ya pindo la kanga. Wanawake walifunga, wakanyamaza, kwa sababu mambo ya chumba cha uzazi hayatoki nje. Wanaume walikua na kijipele pembeni mwa kiganja, wakadhani kila mtu anazaliwa nacho. Uzi unakata kidole. Ile jeni iliyokileta haiguswi na uzi, inashuka kimya kimya kwa mtoto, na kwa mtoto wa mtoto. Walijifuta alama yao kizazi baada ya kizazi, wakajifuta vizuri mno, hata siku alipokuja mmoja ambaye hakufutwa, wakamwona mgeni.

"Mama alipolitamka lile neno, nilikuwa mlangoni na ndoo ya maji," Benadeta alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Alikuwa mama yangu. Ningesemaje?"

Nilikuwa naufikiria mlango. Ningemviringisha mtoto, nikatoka naye barazani, nikafunua mikono yake mbele ya Yustus na kuiweka karibu na yangu. Hatua chache tu. Nilikuwa nimezisubiri hatua zile tangu gurudumu la baiskeli linizunguke.

Ndipo Renatha akafumbua macho.

"Nesi," alisema. "Mzee asione. Nitarudishwa kwetu."

Kwao ni kwa mzee Niyonsaba, aliyekuja kutoka Rwanda, ambaye naye analima mashamba ya watu. Nilimtazama, nikamwona mama. Benadeta akitaka kunyamaza tena, atanyamaza, na mikono hii niliyotaka kuinyanyua kama ushahidi itamfukuza mwanamke mwingine.

Nikamwambia mtoto ni wake. Akitaka vifungwe, nitafunga mimi, kwa uzi safi wa zahanati. Akitaka vibaki, vitabaki. Nilipokuwa nikiyasema nilisikia kabisa kitu changu kikinitoka mkononi.

Renatha aliitazama mikono yangu pale mezani kwa muda mrefu.

"Vinauma?"

"Haviumi."

"Vinasaidia kitu?"

"Vinachana glovu."

Alicheka, tumbo likamuuma, akajishika. Kicheko kilipokwisha alimgeukia Benadeta, na sauti yake haikuwa tena ya mtu anayeomba.

"Kamwambie wewe, shangazi. Kamwambie kabla hajaingia."

Benadeta alikaa akiuviringisha uzi kwenye kidole chake, akiufungua, akiuviringisha tena. Kisha aliuweka kwenye ukingo wa beseni, akajifunga kanga upya, akatoka. Mtoto yule, Jovitus, mwakani anaanza shule, na vidole vyake anavyo vyote. Lakini wakati ule sikujua itakuwaje. Nilijimiminia maji ya vuguvugu, nikatia dawa, nikaanza kunawa ili mikono yangu iwe na kazi.

Huko barazani waliongea Kinyambo, na mvua ilimeza sehemu kubwa. Nilimsikia Benadeta akimtaja mama kwa jina, Laurensia, jina ambalo nadhani halikuwa limetamkwa katika nyumba ile tangu tuondoke. Kisha nikasikia hili, neno kwa neno:

"Nawe ulikuwa navyo. Mama alifunga, mimi nilikushika mkono usijitikise."

Edgar alicheka kidogo, kicheko cha mtu asiyejua atazame wapi, akaacha.

Yustus aliingia akiwa ameshika kofia yake. Hakuwa mkubwa kama nilivyomweka kichwani. Aliinama juu ya mtoto, akaitazama mikono ile midogo, upande huu, kisha upande ule. Kidole gumba chake kilikuwa kinasugua ukingo wa kiganja chake mwenyewe, na pale, chini ya kidole cha mwisho, nilikiona: kijipele cheusi, kama punje ya ulezi iliyosahaulika kwenye ungo.

Akainua macho, akaitafuta mikono yangu. Ilikuwa ndani ya maji. Sikuitoa.

"Mama yako," alisema.

"Tulimzika Isingiro."

Alitikisa kichwa kama mtu aliyeelekezwa njia ambayo hataweza kuimaliza kabla jua halijazama. Safari hii alifika usoni kwangu, akakaa hapo.

"Marahaba," alisema.

Sikuwa nimemwamkia.

Kisha akavaa kofia, akarudi barazani kwa watu wake. Mvua ilikatika. Nikasikia bodaboda zikiwashwa, na Edgar akibishana na dereva jinsi ya kumbeba mzazi, wakakubaliana wasubiri gari. Baadaye gari lilikuja. Wakaondoka wote, na chumba kikabaki na harufu ya dawa na kitanda kitupu.

Uzi wa Benadeta ulikuwa bado kwenye ukingo wa beseni, umejikunja. Maji yalikuwa yamepoa zamani. Niliichovya tena mikono yangu, nikaikausha, kidole kimoja kimoja, na vile viwili nikavimalizia mwisho, polepole.