Dakika Tatu za Menga

Mwezi ule wa Desemba Menga Caduff alijiangusha sebuleni kwake mara arobaini, skii za kutelezea thelujini zikiwa miguuni, na mara arobaini jirani wa chini akagonga dari kwa mpini wa ufagio. Mwisho jirani akachoka, akapanda ngazi, akabisha hodi.

"Mama, kuna nini huku juu? Unahamisha makabati?"

"Najifunza kuanguka," Menga akamjibu. "Nivumilie hadi Alhamisi."

Jirani akaenda zake anatikisa kichwa. Angejuaje yeye? Menga alikuwa na miaka sabini na sita na nyonga mpya ya chuma, na Klabu ya Alhamisi, ya wastaafu wa bonde lote, ilikuwa na sheria moja isiyo na huruma: mwanachama ajiangushe thelujini na ainuke mwenyewe, bila kuvua skii, bila kushikwa mkono, ndani ya dakika tatu. Akishindwa, basi, abaki mkahawani chini na wale wanaofuma soksi. Menga hakujua kufuma wala hakutaka kujua. Kwa miaka kumi na minne yeye ndiye aliyekuwa mfunga msafara, yule anayeteremka nyuma ya wote na kizibao chekundu, akiokota glavu za watu na watu wenyewe. Tangu apasuliwe, kizibao kilivaliwa na shoga yake Barla. Walipendana sana, lakini kila alipokiona kifuani pa Barla roho ilimuuma, na hilo hakulificha.

Alhamisi ikafika na theluji mpya, laini, ya kufika magotini. Wakasimama watu kumi na mmoja pale juu mlimani, lifti ya kamba inaposhusha abiria. Kiongozi wao, Duri, mzee wa miaka sabini na tisa, akatoa saa yake ya mfukoni.

"Angukia upande wa nyonga mpya," akasema. "Na sitaki lawama."

"Lawama utazipata tu, Duri. Anza kuzizoea."

Barla akamvuta kando. "Shoga, mwambie tungoje wiki ijayo theluji ishikamane. Leo hata mimi siinuki."

"Wiki ijayo nyonga itakuwa hii hii. Nipishe."

Akajitupa. Puu!

Salaale, hili halikuwa zulia. Alizungusha skii zikakaa chini yake, zikiukata mteremko, kama alivyofanya sebuleni. Hapo sawa. Akaegemea fimbo moja ya skii, ikazama hadi mshikio. Akaegemea ya pili, ikazama na mkono wake hadi kwapani, akala theluji mdomo mzima.

"Dakika moja," akasema Duri.

"Nimekuuliza?"

Lakini aliogopa. Mara arobaini zote zilikuwa kazi bure, na mkahawa aliuona kwa chini kabisa, moshi unatoka. Miaka thelathini alikuwa amepeleka barua kwa skii kwenye mashamba ya juu, mfuko mzito mgongoni, na kule alipoanguka hapakuwa na mtu wa kumhesabia. Enzi zile aliinukaje? Akazichomoa fimbo, akazilaza juu ya theluji, moja juu ya nyingine, zikapishana. Akaweka kiganja pale zilipokutana. Theluji ikakubali. Akasukuma, nyonga ikalalamika, naye akaitukana matusi ambayo padre wa kijiji angeyakimbia, akapanda kidogo, akapanda tena, akasimama.

"Dakika mbili na sekunde hamsini," akasema Duri. Barla alishaanza kuvua kizibao, analia na kucheka kwa pamoja.

"Ngoja kwanza," Menga akasema, anakung'uta theluji masikioni. "Duri, sheria inamhusu nani?"

"Kila mwanachama, kila msimu."

"Wewe umeanguka lini mara ya mwisho?"

Wote walijua kwamba tangu aiandike sheria ile, Duri alikuwa mshika saa tu.

"Mimi sijapasuliwa."

"Sheria haikutaja kisu."

Angeweza kukataa, ila Duri ni mbishi, na ni kwa ubishi huo walimfuata. Akampa Menga saa, akajitupa upande wake wa kulia.

Mwanzoni walicheka. Fimbo zake zikazama, kofia ikapotea, uso ukaiva. Dakika ya tatu ikapita na hakuna aliyecheka tena. Menga akaitazama ile saa mkononi, akaona haya. Alitaka kumkomoa kidogo tu. Akiitaja dakika ya nne, Duri atateremka kwa lifti, akae na wenye soksi hadi kufa, kwa sababu sheria ni yake na hatajisamehe.

"Ngapi?" Duri akauliza, anahema.

Menga alikuwa amevua glavu. Saa ilikuwa ikitembea vizuri kabisa ndani ya ngumi yake.

"Saa yako imesimama. Baridi hii! Zilaze fimbo, moja juu ya nyingine. Weka kiganja katikati."

"Saa yangu haijawahi kusimama."

"Leo imesimama. Barla, imesimama au haijasimama?"

"Imesimama," Barla akasema bila hata kuitazama.

"Imesimama," wakaitikia wengine wote.

Menga akavaa kizibao chekundu, akashuka hatua mbili chini ya Duri, akaficha mikono nyuma isije ikamsaidia.

"Sukuma, mzee wangu," akamwambia. "Wa mwisho ni mimi. Siondoki kabla yako."