Kitako cha Kikapu

"Shangazi, hivyo vikapu viweke kule nyuma," Ademir alisema kutoka juu ya ngazi, akitundika ngao ya ukoo. "Mgeni asije akadhani tumemkaribisha sokoni."

"Na mkate tuuweke kwenye ngao?" Ivone alimjibu, akavipanga mezani palepale.

Kila mwaka akina Cestaro wa milima hii ya kusini mwa Brazili walikutana katika ukumbi wa kanisa, wakala polenta, ule ugali wa Kiitalia, wakanywa divai, wakasomewa jinsi babu zao, makabaila wenye ngome, walivyovuka bahari kutoka Italia. Na kila mwaka Ivone alilitafuta jina la babu yake Giosuè kwenye mti wa ukoo uliochorwa ukutani, asilione. Karatasi zake zilipotea safarini, na Ademir, katibu wa ukoo, aliyemwita Ivone shangazi kwa heshima tu, alishaamua kwamba huyo alikuwa mtu baki aliyejipachika jina melini. Ivone alikuwa na miaka sitini na saba, na jambo hilo bado lilimuuma. Leo Bi Bruna, Cestaro wa kijiji cha kwao kulekule Italia, alikuwa anakuja kuuhakiki mti.

Aliingia na mkongojo wake, akaitazama ngao kwa muda.

"Makabaila?" aliuliza. "Mwanangu, makabaila tuliwabebea zabibu. Kwa vikapu tulivyosuka wenyewe."

Ukumbi ukaangua kicheko, Ademir akaiva uso. Bibi alikwishafika mezani. Aliiondoa mikate, akapindua kikapu na kupitisha kidole kwenye kitako: fito saba, na wa nane umepasuliwa katikati, ukakunjwa kushoto.

"Nani kasuka hiki?"

"Mimi," Ivone alisema. "Alinifundisha babu. Giosuè."

"Baba yangu alifunga hivihivi. Majirani walituibia fito, kitako hiki hawakukiweza." Machozi yalimlengalenga huku akicheka. "Kwetu hakuna tena anayesuka. Nikumbushe, binti. Mimi hupotea baada ya ufito wa tano."

Ivone alijawa na furaha. Alivuta viti viwili na beseni la fito zilizolowekwa, wakakaa magoti yakigusana. Baadaye kidogo Ademir akaja akasimama mbele yao, penseli sikioni.

"Shangazi, Giosuè nimwandike tawi gani?"

"Ngoja kwanza," Ivone alisema bila kuinua macho. "Shika hapa, kisifumuke."

Ademir akapiga magoti, akashika.