Mtakatifu wa Dhahabu wa Mama Matilda

Benedicta alikuwa amejiandaa kwa kilio tu, si kwa lingine. Njia nzima kutoka Mbalizi mpaka Ilula, ndani ya basi lililojaa mikungu ya ndizi, alikuwa akimtupia jicho mzee Lutengano aliyekaa pembeni yake na kujiuliza mama atalipokeaje neno hili. Mzee huyu, Mnyakyusa mpole, alipigana Burma pamoja na baba yake Benedicta, na ndiye aliyemzika. Siku zote alidhani serikali imekwisha kupeleka taarifa, mpaka walipokutana sokoni Mbalizi na Benedicta akamwambia kwamba mama yake bado anamsubiri mumewe.

Na Matilda, mama yake, alimsubiri kwelikweli. Joachim alichukuliwa vitani mwaka arobaini na mbili, Benedicta akiwa tumboni, na mpaka leo, mwaka sabini na tano, matanga yake hayajakaliwa wala misa ya marehemu haijasomwa. Shemeji zake walipothubutu kusema wamlie ndugu yao hata bila maiti, Matilda aliwatoa mbio na mwiko mkononi. Wachumba walikuja, maana alikuwa mzuri haswa, wakaondoka mikono mitupu. Yeye alisema Mtakatifu Antoni, mtafuta vilivyopotea, analishughulikia jambo lake, watu wasimwingilie.

Antoni mwenyewe Matilda alimvaa shingoni, dhahabu tupu. Mama mmoja wa Kizungu mwenye shamba la tumbaku, ambaye Matilda alimfulia nguo, alifunga mizigo kurudi kwao mwaka sitini na saba. Siku ya kuondoka alifungua kitambaa, akatoa kipande cha dhahabu chenye sura ya mtu, akakibusu huku machozi yanamtoka, akampa. Hawakuwa na lugha ya kuelewana zaidi ya sabuni na pasi. Sasa niambieni, Mkatoliki wa Iringa akimwona mtu anabusu medali na kulia, afikirie nini? Kichwa kina upara, kama Antoni wa kwenye picha ya kanisani. Unene je? Ah, Ulaya wanakula. Fundi akaitoboa, na Jumapili iliyofuata ikatiwa kapuni pamoja na rozari za kina mama wengine. Padri, kama ilivyo desturi, alinyunyizia kapu zima maji ya baraka bila kuchungulia ndani. Tangu hapo Matilda aliibusu kila jioni, akiomba arudishiwe mumewe.

Walimkuta anachambua maharage mlangoni.

"Kamwene, shemeji," alisalimia Lutengano kwa Kihehe.

"Kamwene. Shemeji kwa nani?"

"Kwa Joachim. Nilikuwa naye vitani."

Matilda aliinuka, maharage yakamwagika. Uso wake uling'aa namna ambayo Benedicta hakuwahi kuiona.

"Nilijua," mama alisema. "Yuko wapi? Mmemwacha stendi?"

"Mama, kaa kwanza," Benedicta alimsihi.

"Nikae nini na mgeni yuko njiani?" Aliivuta medali kutoka kifuani, akamnyooshea mzee. "Mbusu, shemeji. Huyu ndiye aliyenisikia."

Lutengano aliinama. Midomo haikufika. Alirudi nyuma hatua moja, akatazama tena.

"Huyu umempata wapi?"

"Ni Mtakatifu Antoni."

"Si Antoni, shemeji. Sura hii naijua. Picha yake ilibandikwa kambini, tukila anatutazama. Huyu ni Churchill."

"Ndiye nani huyo?"

Mzee alimtazama Benedicta kama anayeomba msaada. Benedicta akashika mwimo wa mlango.

"Alikuwa mkubwa wa Waingereza wakati wa vita," Lutengano alisema kwa shida. "Sisi tulichukuliwa tukampiganie yeye."

"Na Joachim?"

"Joachim pia."

"Nauliza yuko wapi."

"Nilimzika, shemeji. Kwa mikono yangu hii. Ni siku nyingi. Nisamehe."

Matilda aliishusha medali polepole. Alishika ncha ya kanga, akaanza kujifuta midomo. Alifuta, akafuta tena, mpaka mdomo ukachubuka na Benedicta akamshika mkono.

"Nimembusu huyu," mama alisema. "Kila jioni nimemwomba huyu anirudishie mume wangu. Na yeye ndiye aliyemchukua."

Benedicta alitamani mzee apinge, aseme amekosea, sura za Wazungu zinafanana. Mzee aliinamisha kichwa.

Matilda alifungua kilemba. Alikaa chini palepale juu ya maharage, akanyoosha miguu kama wajane wanavyokaa, akatoa sauti. Haikuwa sauti ya mwanamke mzee. Ilikuwa ya mke wa miaka ishirini aliyeletewa habari asubuhi ile, na kijiji kizima kiliisikia.

Majirani walikuja mbio, wengine na majembe yao. Mama mmoja mtu mzima alimvuta Benedicta kando.

"Nani amefariki?"

"Baba."

Yule mama alimtazama, asielewe. "Baba yako? Lini?"

Benedicta alimsikiliza mama yake kwanza.

"Leo," alisema. "Sasa hivi."