Kibali Kimebakiza Miezi Mitano

Fundi cherehani yule alikuwa mgeni katika nchi ile, na kwa miaka mitatu alihangaika kumuasili binti mmoja wa kituo cha watoto, awe mwanawe kisheria. Alimtembelea kila Jumamosi, hata mtoto akamwita Mama Jumamosi.

Siku hiyo karani wa ustawi wa jamii alifungua faili, akashusha pumzi. "Dada yangu, kibali chako cha ukaazi kimebakiza miezi mitano. Wakubwa wanataka isipungue sita. Kakihuishe kwanza."

"Nilipoleta kibali kipya, mkasema cheti cha daktari kimepitwa na wakati. Sasa nimeleta cheti, mnakataa kibali. Nishike lipi?"

Karani alifunga faili. Muhuri wa kuidhinisha haukuwa wake.

Fundi akaenda kituoni, miguu mizito kama ya kuazima. Binti alimkimbilia, kisha akasita. "Leo Jumanne. Umekuja kunichukua?"

"Bado, mwanangu."

Mtoto akamtua mkoba begani. "Basi kaa. Umechoka."

Akakaa hapo hapo kwenye ngazi, akalia bila kujificha, binti akimsubiri amalize.

Kesho yake, saa moja asubuhi, alikuwa wa kwanza kwenye foleni ya uhamiaji.