Nyumba Banifu ya Mama Wegesa

Agustina alipimwa malaria kwa mara ya tatu, na majibu yakawa yale yale: hana. Nilimkuta kwenye benchi la zahanati, mimba yake ya miezi saba imemlemea, anakunywa maji taratibu.

"Hapa sina kitu, bibi afya," akaniambia kama anayeomba radhi. "Lakini asubuhi kichwa kinataka kupasuka, na natapika. Nikishatembea mpaka huku kinaacha. Mama mkwe anasema nakimbia jembe."

Mimi ni afisa afya wa kata. Nina miaka ishirini na sita, lakini kwa sababu ya kazi hata wazee huniita bibi. Nilikuwa nimekagua nyumba tano tangu asubuhi, na miguu ilikuwa inawaka. Ya sita ilikuwa ya mama mkwe wake, mama Wegesa. Tukaondoka pamoja. Kila baada ya hatua chache alisimama, nami nikashukuru kimoyomoyo kupata nafasi ya kupumzika.

Tangu rashi ianze, maana ndivyo wachimbaji wanavyoita watu wakifurika penye dhahabu, miti yetu imekwenda chini ya ardhi. Kila duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, linataka magogo ya kushikilia kuta zisianguke. Mkaa umekuwa adimu, na huku kwetu Tarime asubuhi ni baridi. Ndipo ukaja mradi wa nyumba banifu. Kama jiko banifu linavyobana mkaa, nyumba nayo ibane joto: ipigwe dari, izibwe panapopita baridi. Nyumba ikifaulu ukaguzi, mwenyewe anapewa bati za kujengea jiko la nje.

Mama Wegesa alizihitaji bati hizo kuliko wengi. Jiko lake la nje alikuwa amewapangisha wachimbaji wawili, na tangu hapo alipikia sebuleni.

Tulimkuta mlangoni na fundi Saadi kutoka mjini, anayefanya lipu za mradi. Nilimwamkia mama, akaitikia bila kuacha kuchambua maharage.

"Umerudi?" akamwambia mkwewe. "Wamekupa dawa gani leo? Ya uvivu?"

"Hawajanipa kitu, mama."

"Hata zahanati wamekuchoka." Lakini alisogea akampa kigoda chake, yeye akaketi chini.

Nikatoa fomu. Gunia la mkaa linakaa siku ngapi?

"Zamani wiki tatu. Sasa mwezi na nusu," akasema kwa fahari. "Nyumba hii ikishapata moto haiachi. Imebana kweli. Inabana mpaka kifua." Akacheka, kisha akakohoa. "Hilo la kifua hawaulizi?"

Nikaipekua fomu mbele na nyuma. Hawakuuliza. Iliuliza mkaa, dari, milango, madirisha na matundu. Hapakuwa na mstari hata mmoja wa mtu anayelala humo ndani.

Niliingia. Jiko la mkaa lilikuwa katikati ya sebule, jekundu, halina moshi. Nikainua macho juu ya dirisha, mahali ambapo kila fundi wa huku huacha safu ya matundu ya hewa. Palikuwa na lipu laini, bado haijapakwa rangi.

"Fundi," nikaita. "Matundu ya hewa yako wapi?"

"Nimeyaziba yote," Saadi akajibu kwa furaha. "Kama karatasi inavyosema. Hata tundu la ufunguo ningeziba, mama akanifukuza."

"We mura, kijana wewe, ulitaka niingilie dirishani!"

Wote wawili walicheka. Karatasi hiyo niliiandika mimi.

Mwongozo na fomu yake vilikuja kwa Kiingereza. Godwin, msimamizi wa mradi, alinipa nivitafsiri kwa kuwa ndimi niliyetoka chuoni karibuni. Palipotajwa nafasi zinazovujisha joto kando ya milango na chini ya bati, niliandika "matundu". Ningeandika "nyufa". Ilikuwa Ijumaa jioni, nimechoka, na neno la kwanza lililokuja nikaliacha hapo. Ziba matundu yote. Nyumba arobaini, na tano za asubuhi nilikuwa nimezipitisha bila kushtuka.

Nilitoka nje. Mimi si mtu wa kusema mbele za watu; hata chuoni nilikuwa naandika maswali yangu kwenye karatasi nimpe mwenzangu aulize. Sauti ilitoka ndogo.

"Mama, Agustina haumwi malaria. Mkaa unatoa hewa mbaya isiyo na harufu. Zamani ilipita kwenye matundu. Sasa inabaki ndani, mnaivuta nyinyi, na mtoto aliye tumboni. Inaua. Lazima tuyatoboe sasa hivi."

Mama Wegesa aliacha maharage. "Yakitobolewa nafaulu?"

"Fomu inasema yawe yamezibwa."

"Basi bati sipati. Na bila bati jiko litabaki humo humo ndani." Alisema polepole, kama anayemweleza mtoto. "Nani aliandika kitu cha namna hiyo?"

Saadi alinitazama. Alijua ni ofisi yetu, hakujua ni nani. Ningeweza kusema ofisi.

"Mimi," nikasema. "Nilikosea neno. Nisamehe, mama."

Hakunitukana, afadhali angenitukana. Alimwangalia Agustina, aliyekuwa amefumba macho pale kwenye kigoda.

"Nami nilimwita mvivu," akasema. Kisha akamgeukia Saadi. "Toboa. Na hilo jiko litoe nje, tutapika juani."

Saadi akachukua patasi na nyundo. Lipu ilianguka vipande vipande kwenye kochi, na hakuna aliyekumbuka kulifunika. Wakati anagonga, nilikata neno "matundu" kwenye fomu, juu yake nikaandika "nyufa", nikaweka alama ya ndiyo. Nyufa zilikuwa zimezibwa kweli. Nikatia sahihi, kisha nikampigia Godwin.

"Nani kakuruhusu kuchezea fomu?" akauliza. "Takwimu zimeshapelekwa."

"Fomu ile niliitafsiri mimi. Nimekosea, na watu wanaumwa. Natoboa zote."

"Zote? Na bati?"

"Wanastahili. Kama kuna wa kunyimwa, ninyimwe mimi kazi."

Alisema tutaongea, akakata. Sijui bati zitakuja. Sikuweza kumwahidi mama Wegesa, na yeye hakuniuliza.

Saadi alijipangusa saruji usoni. "Zimebaki thelathini na tisa, bibi afya. Na mimi ndiye niliyeziba."

"Twende ya jirani."

Nyumba ya jirani ilikuwa na kufuli. Wote walikuwa machimboni. Tuliketi kizingitini kuwasubiri, Saadi akinoa patasi kwenye jiwe, mimi nikijisemea kwa sauti ya chini sentensi ile ambayo ningelazimika kuisema tena: nilikosea neno, nisamehe.